Chumvi ya China, ufunguo kwa wageni

Wandugu, jina la ule mkopo lilikuwa tamu: mkopo wa kupanga serikali upya. Tarehe 26 mwezi wa nne 1913, Yuan Shikai, rais mwenye hazina tupu, alikopa pauni milioni 25 kwa banki za Uingereza, Ufaransa, Ujerumani, Urusi na Japani. Tuhesabu kidogo: kwa kila pauni 100 ya deni, China ilipokea 84 tu, lakini riba ya 5% ilihesabiwa juu ya 100 yote. Rehani ilikuwa kodi ya chumvi, na wageni wakaingia ofisini kuisimamia. Rais Wilson wa Marekani alikataa kuunga mkono banki za kwake, akiona masharti yanagusa uhuru wa China.

Wengi wanalaumu mabalozi tu. Mimi hapana. Yuan alisaini bila bunge kukubali, na mwezi wa saba majimbo ya kusini yalipoasi, akayapiga. Mabalozi walimpendea njo ile: mtu mmoja, saini moja.

Leo China njo inakopesha, na sisi tangu mkataba wa 2008 tunalipa kwa madini. Swali ni lilelile: nani anasoma mbele ya kusaini?