Kilwa, Shirazi na Ushahidi wa Mawe

Wako walimu wenzetu, hapa Arua na Koboko, ambao somo lao la asili ya Waswahili huanzia kwenye merikebu saba za Shirazi. Mwanafunzi huambiwa kwamba Ali bin al-Hasan alitoka Uajemi pamoja na jamaa zake, akakinunua kisiwa cha Kilwa kwa nguo, na kwamba tangu hapo pwani ikajengwa kwa mawe. Kisha huonyeshwa picha ya msikiti wa Isfahan wenye kuba ya buluu, ili aone hao wajenzi walikotoka. Masimulizi hayo ni matamu, wala hatusemi yaondolewe darasani. Picha ile ndiyo yenye kasoro, na kasoro yenyewe si ndogo.

Tuanze na tarehe. Msikiti wa Shah ulioko Isfahan ulianza kujengwa mwaka 1611, zama za Shah Abbas, karne nyingi baada ya safari inayosimuliwa. Vigae vyake vya buluu haviwezi kutuambia neno lolote juu ya wajenzi wa Kilwa. Mwenye kutaka kulinganisha kwa haki na autazame Msikiti wa Ijumaa wa mji huo huo, ambao kuba zake mbili mashuhuri zilijengwa baina ya mwaka 1086 na 1089. Humo ataona ufundi wa matofali: udongo uliochomwa, ukapangwa safu juu ya safu hadi ukafunika chumba kipana pasipo nguzo katikati. Baadaye uwanja wake ulizungushiwa kumbi nne kubwa, kila moja ikiwa na tao refu lililo wazi upande wa uwanjani.

Kilwa hatukuti kitu cha namna hiyo. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe yaliyoungwa kwa chokaa, nayo chokaa ilipatikana kwa kuyachoma matumbawe hayo hayo. Mihrabu na vizingiti vilichongwa kwa tumbawe laini lililotolewa baharini likiwa bado bichi. Dari nyingi zililazwa juu ya boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti ina urefu wake, vyumba vilikuwa vyembamba, aghalabu upana wake usizidi mita 3. Ni kweli kwamba Msikiti Mkuu una kuba na matao, na mwenye kuzijengea alijua kazi ya ng'ambo. Lakini mkono uliojua tumbawe lipi hukatika na lipi huvunjika ni mkono wa pwani hii.

Tena liko jambo ambalo vitabu vya shule hulipita upesi. Jumba kubwa kupita yote ya Kilwa, Husuni Kubwa, lenye vyumba zaidi ya 100 na birika la pembe nane, lilijengwa mwanzoni mwa karne ya 14 na Sultani al-Hasan bin Sulaiman. Yeye hakuwa wa ukoo wa Washirazi. Ukoo wake, wa Mahdali, ulijinasibisha na Yemen. Na Neville Chittick, aliyechimba magofu ya Kilwa miaka ya 1960, aliona kwamba hao walioitwa Washirazi walishuka kutoka pwani ya Banadiri, wala hawakuja moja kwa moja kutoka Uajemi. (Shirazi yenyewe, tuseme kwa kupita, iko mbali na bahari, merikebu haziwezi kung'oa nanga hapo.)

Hata hivyo hatukubaliani na wale wanaoifuta Uajemi kabisa. Mwaka 2023 ulitolewa uchunguzi wa mifupa kutoka makaburi ya kale ya pwani. Ulionyesha kwamba wengi wa waliozikwa humo walikuwa na asili mbili: upande wa kike hasa Waafrika, na upande wa kiume kwa sehemu kubwa Waajemi, na mchanganyiko huo ulianza yapata mwaka 1000. Basi masimulizi ya Kilwa hayakutungwa hewani. Lugha nayo inashuhudia: bandari, nanga, dirisha na serikali ni maneno yenye asili ya Kiajemi. Ila kuoa pwani ni jambo moja, na kuleta mji mzima merikebuni ni jambo jingine.

Kwa nini tushughulike na haya, sisi tulio mbali na bahari? Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliamua Kiswahili kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Huku kwetu lugha hii ilihesabiwa kwa muda mrefu kuwa ya askari. Mtoto wa Koboko akifundishwa tena kwamba hata miji yake ilijengwa na wageni, atakiona Kiswahili kuwa mali ya watu wengine mara mbili.

Twashauri somo lianzie kwenye tanuri la matofali, ambalo kila mtoto wa Arua amepata kuliona. Aulizwe matofali hayo yaweza kufunika chumba cha upana gani, na yafanyweje ili yasianguke. Hapo kuba ya Isfahan ataielewa. Kisha aambiwe kwamba Kilwa hawakujenga hivyo, atafute sababu. Na akisha kuzoea, apewe shahidi mgumu zaidi: Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331, aliusifu uzuri wa mji, akasema wakazi wake wengi ni Wazanji weusi sana, na kwamba nyumba zake ni za miti. Namna ya kupatanisha miti hiyo na Husuni Kubwa ni kazi ya kipindi kizima.