Saa ya Trollope Mezani

Mwaka 1883 kilichapwa kitabu ambacho mwandishi yeyote wa kujitegemea angefaidika kukisoma kalamu ikiwa mkononi. Ni tawasifu ya Anthony Trollope, mtunzi wa riwaya wa Uingereza, aliyekuwa amefariki mwaka uliotangulia. Humo anaeleza ratiba yake, daftari lake na fedha alizopata, bila kuficha.

Trollope alikuwa mtumishi wa Posta. Alipohamia Waltham Cross, kaskazini mwa London, alimlipa mtumishi wake mzee pauni 5 za ziada kwa mwaka ili amwamshe alfajiri na kumletea kahawa. Saa kumi na moja na nusu alikuwa mezani, na saa mbili na nusu kazi ya kalamu ilikuwa imekwisha, hata kifungua kinywa bado. Aliweka saa yake mbele yake, akajiwekea sharti la maneno 250 kila robo saa.

Wengi wakifika hapo humwona mashine. Hawajasoma vizuri. Katika saa zile tatu, nusu saa ya kwanza hakuandika kitu: alisoma kazi ya jana, akiyapima maneno kwa sikio. Kwangu mimi ufundi wote umo humo. Aliyewahi kuacha makala nusu na kuirudia kesho yake anajua kwamba kazi ngumu ni kuipata tena sauti uliyoiacha. Trollope aliitafuta kwanza, kisha ndipo akachovya kalamu, na sidhani kasi yake ingewezekana kwa njia nyingine.

Daftari nalo nalipenda. Kila alipoanza kitabu alilipanga kwa majuma, akajaza kurasa alizomaliza kila siku. Ukurasa wake ulikuwa maneno 250, yaliyohesabiwa kweli. Wastani ulikuwa kurasa 40 kwa juma. Ziliwahi kushuka hadi 20 na kupanda hadi 112. Siku ya uvivu haikuwa na pa kujificha. Anayeuza makala kwa wahariri watatu leo anaweza kuongeza safu mbili tu: siku aliyotuma kazi, na siku malipo yalipoingia kwenye simu.

Kazi ya Posta ilimsafirisha sana, basi akajitengenezea kibao cha kuandikia kwa penseli ndani ya treni. Mkewe alinakili baadaye. Mwaka 1858 alitumwa Misri kupatana kuhusu usafirishaji wa barua. Bahari ilichafuka, naye alikuwa akiandika *Doctor Thorne*. Zaidi ya mara moja aliacha karatasi mezani, akakimbia kutapika, akarudi kwenye sentensi yake. Riwaya ilikwisha akiwa Misri, na siku iliyofuata akaanza nyingine, *The Bertrams*.

Kabla ya safari hiyo mchapishaji mmoja alikuwa amekubali kumlipa pauni 400 kwa *Doctor Thorne*, kisha akateremsha hadi 300. Trollope hakubembeleza. Alikwenda kwa Chapman & Hall, muda ukiwa umembana, akaondoka na 400 zake. Tukumbuke kwamba nyuma ya msimamo huo kulikuwa na mshahara. Riwaya yake ya kwanza, ya 1847, haikumpa kitu wakati ule. *The Warden*, ya 1855, ilimletea pauni 9 na ushei mwaka wake wa kwanza. Posta aliiacha 1867, vitabu vilipokuwa vimemlisha kwa miaka kadhaa. Shaaban Robert naye alitunga huku akiwa karani wa forodha. Kijana anayetaka kuacha ualimu ili aishi kwa kalamu, namwomba asione kuandika huku ukiwa na mshahara kuwa ni woga.

Mwishoni mwa tawasifu Trollope aliorodhesha vitabu vyake na fedha kilizoleta kila kimoja: jumla yake inakaribia pauni 69,000. Wasomaji wengi walichukizwa, na heshima yake ikashuka. Mimi naona hakuna ukurasa wa ukarimu kuliko huo. Waandishi huficha bei, na anayeanza hukubali chochote anachotajiwa. Hapa anaona kwamba *Doctor Thorne* ilipata 400 mwaka 1858, na *Can You Forgive Her?* ikapata 3,525 mwaka 1864. Katikati vimepangwa vitabu vingine, vilivyouzika na visivyouzika, kila kimoja na bei yake.