Fani na Maudhui ya Ndege ya Mfano: "-ngali-" na Mkasa wa Kindu

Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuhakiki sanaa ambayo haijazoeleka katika kurasa za taaluma yetu, nayo ni uundaji wa ndege ndogo za mfano zinazosimulia historia mbadala. Fundi huchukua vipande vya plastiki vya ndege ya kivita iliyokuwako kweli, mara nyingi kwa kipimo cha 1 kwa 72, akaviunganisha kwa gundi, akavipiga msasa na kuvipaka rangi. Kisha, badala ya kubandika nembo za jeshi lililoitumia ndege hiyo, hubandika za jeshi ambalo halikuitumia kamwe. Kazi ikikamilika huwa ni sentensi ya masharti: mambo yangalikwenda hivi, ndege hii ingalikuwa vile.

Sentensi hiyo inamhusu mwanafunzi wa Kiswahili. Sarufi nyingi hutenganisha "-nge-", ya jambo ambalo bado laweza kutokea, na "-ngali-", ya jambo ambalo fursa yake imekwisha pita. Wahenga nao walitahadharisha kwamba ningalijua huja nyuma. Hoja yetu ni kuwa ndege ya mfano ya aina hii haina budi kupimwa kama tunavyoipima "-ngali-": je, inajua barabara kile kilichotokea kabla ya kukibadili? Kipimo chetu ni Kindu, mji wa wasemaji wa Kiswahili ulioko kando ya mto Lualaba, mkoani Maniema.

Kindu, 11 Novemba 1961

Siku hiyo ndege mbili za mizigo aina ya C-119, za kikosi cha anga cha Italia chenye makao yake Pisa, zilitua Kindu zikiwa katika kazi ya Umoja wa Mataifa. Zilikuwa zimewaletea shehena askari wa Malaya waliokuwa wakilinda amani mjini hapo. Waitaliano 13 waliokuwamo walikamatwa na askari wa Kikongo na kuuawa. Inaelezwa kwamba walidhaniwa kuwa mamluki wa Kibelgiji waliotumwa na Katanga.

Dhana hiyo ilikuwa na chimbuko. Katanga ilikuwa imejitenga tangu Julai 1960. Lumumba aliuawa huko tarehe 17 Januari 1961. Na mwezi wa Septemba mwaka huo ndege moja tu ya Katanga, aina ya Fouga Magister, ilitosha kuyahangaisha majeshi ya Umoja wa Mataifa, ambayo wakati huo hayakuwa na ndege za kivita. Ndipo zikaletwa Saab J 29 za Sweden, F-86 za Ethiopia na Canberra za India. Mzungu aliyeshuka kutoka angani, kwa hiyo, alikuwa ishara yenye tafsiri zaidi ya moja.

Fani

Tuseme sasa fundi ameamua kuunda J 29 iliyowekwa Kindu siku ile ili kuwalinda Waitaliano. Kwa upande wa fani, uteuzi wake ni mzuri. Ndege hiyo, ambayo Waswidi waliita "pipa" kwa unene wa kiwiliwili chake, huwa na urefu wa sentimita 14 hivi katika kipimo tulichokitaja, na umbo lake hutambulika hata kwa mtu asiye mjuzi. Tena sharti lenyewe si la ajabu. Ndege za aina hiyo zilikuwa zimekwisha fika Kongo mwezi mmoja kabla, na lililobadilishwa ni kituo chake tu. Badiliko dogo lenye msingi ni sifa ya fani hii, kama vile hadithi nzuri ya kubuni inavyodai kosa moja tu la ukweli na kisha kuwa aminifu katika mengine yote. Fundi akiongeza masizi penye mkia na vumbi jekundu magurudumuni, mtazamaji huwa tayari kuamini.

Maudhui

Lakini tuiulize sentensi yenyewe. J 29 ingalikuwako, Waitaliano wangalipona? Hatudhani hivyo. Hawakushambuliwa angani, walikamatwa ardhini, wakiwa wamekwisha teremka. Mizinga ya ndege isingaliweza kumtenga mateka na mtekaji. Zaidi ya hayo, ndege ya kivita ikipita juu ya mji ambao tayari unaogopa ndege ingaliongeza hofu iliyowaua watu wale. Hapo kasoro ya maudhui inajitokeza: fundi ameleta silaha pale palipopungua utambuzi. Kasoro hii si ya fundi wetu wa kubuni peke yake. Ni mwelekeo unaoinyemelea sanaa yote hii, kwa kuwa kifaa chake ni mashine ya vita, nayo huvuta kila swali la historia liwe swali la mashine.

Kongo yenyewe ina mifano ya njia nyingine. Bodys Isek Kingelez (1948–2015) aliunda kwa karatasi na maboksi miji mizima ambayo haikupata kuwako. Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji wa Lubumbashi, aliichora historia ya nchi yake katika miaka ya 1970 na kuieleza kwa Kiswahili cha Shaba mbele ya Johannes Fabian, aliyeyachapisha mazungumzo yao mwaka 1996. Kwa Tshibumba picha na usemi haviachani. Ndege ya mfano, kinyume chake, hunyamaza. Usemi wake wote umo katika nembo.

Na nembo ndiyo kiini cha mkasa wa Kindu. Basi sisi tungependekeza mfano mwingine: si ndege ya kivita, bali C-119 yenyewe, yenye mabawa ya sentimita 46 hivi kwa kipimo kile kile, isiyobadilishwa chochote isipokuwa jambo moja. Ubavuni iandikwe kwa herufi kubwa, kwa lugha ya mji ilikotua: UMOJA WA MATAIFA.

Hata mfano huu hautoi jibu jepesi. Lugha ya jeshi la Kongo, tangu enzi za ukoloni, ilikuwa Kilingala, si Kiswahili cha mjini. Tena mamluki naye angaliweza kuyapaka maneno hayo hayo. Kwa hiyo sentensi yetu ina sehemu ya kwanza tu: ndege ingaliandikwa kwa Kiswahili... Sehemu ya pili hatuwezi kuiandika kwa haki.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba ustadi wa gundi na rangi hautoshi. Mfano unaomaliza sentensi kwa ushindi wa mashine huwafuta mara ya pili wale 13, na pamoja nao huifuta hofu ya Wakongo waliowaua, ambayo haina budi kuelezwa pasipo kuhalalishwa. Mfano unaoiacha sentensi wazi humrudisha mtazamaji kwenye swali lililokuwako siku ile uwanjani Kindu: nani alikuwa na uwezo wa kuisoma ndege ile, na kwa lugha gani? Wanafunzi wa lugha, zaidi ya mafundi, ndio wanaodaiwa jibu.