Kumjua Msemaji kwa Swali la Pili

Anayetaka kujifunza kusema kwa ufasaha asikimbilie jukwaa la siasa. Aende Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, asubuhi ya siku ya soko, akae karibu na kaunta za maafisa wa mpakani wanakojieleza wafanyabiashara wadogo, asikilize. Pale kila sentensi ina gharama. Mama mwenye magunia manne ya maharagwe akijieleza vizuri huwahi soko. Akijiumauma hubaki kwenye benchi, au hufuatwa na kijana anayetaka kumsemea kwa malipo.

Nimewasikiliza wengi, Busia na hata Malaba, kivuko jirani cha mpaka huohuo, na kipimo ninachokiamini ni kimoja: swali la pili. Ukimaliza kusema, msikilizaji anakuuliza nini? Akiuliza "unasema nini?" au "ngoja, mzigo ni wako ama umetumwa?", maneno yako hayajafika. Akiuliza jambo linalosonga mbele, "gari liko wapi?" ama "kitambulisho unacho?", amekwisha kukuelewa na kazi imeanza. Mtu aweza kuwa na sauti tamu, methali za kutosha na kicheko cha kuvutia, lakini swali la pili likawa "sasa unataka nini?" Huyo hajasema.

Kaunta za Busia ni mahali pazuri pa kupima kwa sababu ya jinsi kituo chenyewe kinavyofanya kazi. Tangu kituo cha pamoja cha mpakani kilipozinduliwa rasmi na marais wa nchi zote mbili Februari 2018, maafisa wa Kenya na wa Uganda hukaa chini ya paa moja. Anayeingia Kenya humaliza shughuli zake zote upande wa Kenya: anajieleza kwa Mganda anayemruhusu kutoka, kisha kwa Mkenya anayempokea, hatua chache mbele. Maneno yaleyale mara mbili, kwa masikio mawili tofauti. Msemaji hodari utamjua hapo, maana mara ya pili hapotezi mpangilio wake. Aliyebahatisha mara ya kwanza huanza kutapatapa.

Utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki humruhusu mfanyabiashara mdogo kupitisha bidhaa zilizozalishwa ndani ya jumuiya bila ushuru wa forodha, thamani yake isipozidi dola 2,000 za Marekani, akipata cheti rahisi cha asili. Basi afisa anahitaji mambo matatu: ni bidhaa gani, imetoka wapi, ni ya thamani gani. Lakini wengi huanza na safari. "Nimetoka Mbale usiku, gari la kwanza likaharibika, yule dereva akasema tungoje, mimi nikaona hapana, tena mtoto wangu ni mgonjwa..." Yote hayo ni kweli, na huenda yanaumiza. Ila afisa amekaa kalamu mkononi na bado hajapata neno la kuandika.

Sasa msikilize anayejua: "Habari ya kazi, afisa. Nina magunia manne ya maharagwe, yamelimwa Mbale. Thamani yake ni shilingi elfu arobaini za Kenya. Naomba cheti cha asili." Salamu ni fupi na yenye heshima. Hajaanza kwa kuomba radhi, maana ukiomba radhi kabla hujakosa, unamfundisha mwenzako kukutilia shaka. Bidhaa, asili na thamani vimefuatana. Na sentensi ya mwisho ina ombi. Naisisitiza hiyo ya mwisho kwa sababu ndiyo wasemaji wengi huisahau, hata waliosoma: hueleza hali yao kirefu, kisha hunyamaza wakitumaini msikilizaji atakisia haja yao.

Sikiliza pia namna tarakimu zinavyotajwa. Nchi mbili hizi zote zinaita fedha zake shilingi, na shilingi moja ya Kenya hununua zaidi ya ishirini za Uganda. Mtu akisema "elfu tano" akanyamaza, amesema vitu viwili vilivyo mbali sana. Wabadilishaji fedha wazuri hawaliachi hilo hewani: "Umenipa elfu tano za Kenya, nahesabu za Uganda, tazama." Wanasema kwa sauti kila hatua ya mkono wao. Saa nayo ni vivyo hivyo. Dereva anayechanganya Kiswahili na Kiingereza akikwambia "nane", hujui kama umngojee asubuhi au mchana. Msemaji makini huongeza neno moja tu, "saa nane mchana", na mtu hapotezi nusu siku kando ya barabara. Kwangu mimi, anayetaja kipimo pamoja na hesabu, gunia la kilo ngapi, shilingi ya wapi, saa ya lini, amepita nusu ya mtihani.

Kuhusu lugha, wengi huhukumu vibaya. Hudhani fasaha ni yule mwenye Kiingereza kingi. Mpakani hapa husikika Kiteso, Kikhayo, Kisamia, Kijaluo, Kiganda na Kiswahili, na mtu wa kawaida hutumia tatu kabla ya chakula cha mchana. Hata familia moja huweza kuwa pande zote mbili: ukoo mmoja wa Wasamia ulimtoa Moody Awori, makamu wa rais wa Kenya kuanzia 2003 hadi 2008, na nduguye Aggrey Awori, aliyegombea urais wa Uganda mwaka 2001. Ndugu wawili waliohitaji kueleweka na mataifa mawili. Ninachokitazama ni hiki: je, msemaji anaitambua lugha ambayo mwenzake anahesabia, na anahamia huko mapema? Baraza la mawaziri la Uganda lilikipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi Julai 2022, lakini wapo wanunuzi kutoka ng'ambo ambao bado wanakitumia kwa tahadhari. Mwenye adabu hupunguza mwendo, hutumia sentensi fupi, wala hapandishi sauti kana kwamba mwenzake ni kiziwi.

Sauti kubwa, kusema kweli, ni alama ninayoipa uzito mdogo. Ujasiri nautafuta kwingine: katika mwisho wa sentensi. Asiyejiamini humeza neno la mwisho, na mara nyingi ndilo lenye bei. Tena nautafuta pale mtu anapokatizwa. Afisa amepokea simu, au mwingine ameingilia foleni. Wengi wakirudi huanza upya tangu Mbale, au huacha kabisa. Anayeweza kusema "nilikuwa nimefika kwenye thamani" na kuendelea kutoka hapo, huyo ana mawazo yaliyopangwa kabla ya ulimi kufunguka. Na anayeweza kusema "hilo silijui, nitauliza", kisha akatulia, ananipa imani kuliko mwenye jibu la kila kitu.

Malaba ina somo lake, nalo liko kwenye simu za madereva wa malori. Tajiri yuko Mombasa, anauliza gari limefika wapi. Jibu baya ni "niko hapo tu, karibu." Jibu zuri: "Nimepita Bungoma saa nne asubuhi. Foleni inaanzia Kimaeti, na imesimama. Sitavuka leo." Ana mahali, ana saa, ana hukumu yake mwenyewe, na simu inakatwa kwa sababu hakuna la kuuliza.

Kipimo kigumu zaidi ni maneno yako kusimama bila wewe. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu; baada ya siku chache zuio likabadilishwa kuwa masharti. Habari ya namna hiyo husafiri kwa midomo. Anayesema "mambo ya mahindi yamebadilika, ni magumu" huzaa uvumi. Anayesema "mahindi yanaruhusiwa, lazima usajiliwe, uwe na cheti cha asili, na cheti kwamba sumukuvu iko chini ya sehemu 10 kwa bilioni" huwapa wasikilizaji kitu kinachobebeka hadi kijijini kikiwa kizima.

Mwanafunzi wa kusema anaweza kulifanyia zoezi jambo hilo kwa gharama ya nauli. Mpe mwendesha boda ujumbe wa sentensi tatu ampelekee jamaa yako aliye mji wa jirani, tuseme Adungosi, kwa mdomo, bila karatasi. Kisha mpigie simu jamaa huyo, umwombe akurudishie alichoambiwa. Andika kilichopotea njiani, upange upya sentensi zako, na kesho umtume mwingine.