Kuopoa au Kumaliza?

Mara nyingi katika tafsiri za wanafunzi wetu twaona maneno ya Kiingereza "fish out" yamegeuzwa kuwa "kuvua nje". Hicho si Kiswahili, wala maana yenyewe haimo.

Maneno hayo yana maana mbili. Ya kwanza ni kutoa kitu majini, au kukipapasa na kukitoa mfukoni. Kwa kitu kilichozama tunalo neno letu zuri, kuopoa: ndoo huopolewa kisimani. Bali kilichomo mfukoni hutolewa tu. Mtu akiandika kwamba mzee "alivua miwani" mfukoni, msomaji atadhani aliivua usoni.

Maana ya pili ni nzito zaidi. Waingereza wakisema bahari ni "fished out", maana yake samaki wamevuliwa hata wakaisha. Ndiyo yaliyoipata pwani ya Newfoundland, nchini Kanada. Watu walivua huko samaki aitwaye cod kwa karne nyingi. Kisha zikaja meli kubwa zenye nyavu za kukokota, hata mwaka 1992 serikali ikakataza uvuvi wake wa biashara, na watu wapatao 30,000 wakakosa kazi. Mwalimu akifasiri habari hiyo kwamba samaki "waliopolewa", ameugeuza msiba kuwa wokovu, maana aopolewaye majini ameokoka.

Basi, walimu wenzetu, kabla ya kufasiri yatupasa kuuliza: kimetolewa nini, na majini kumebaki nini?