Mikono ya Allnutt

Kila nimwonapo fundi wa ufukoni hapa Kisangani amechuchumaa mbele ya mkaa, ubawa wa rafadha umebanwa kwenye koleo, akiugonga, akiufumbia jicho moja, kisha akiurudisha motoni pasi na kusema neno, hunijia riwaya ya C.S. Forester, *The African Queen*, ya mwaka 1935, ambayo John Huston alikuja kuipigia filamu mwaka 1951 katika mto Ruiki, kwa jirani zetu wa Ponthierville, yaani Ubundu ya leo.

Ni hadithi ya mahaba ya mwaka 1914, katika Afrika ya Mashariki ya Wadachi: Rose Sayer, dada wa mmisionari, na Charlie Allnutt, mtu wa mashine, wanateremka mto katika mashua kuukuu wakikusudia kuizamisha manowari ya adui. Huisoma kwa furaha maridhawa, wala sioni haya. Na furaha hiyo haitoki katika mabusu, bali katika zile kurasa ambamo mtaimbo wa rafadha umepinda na ubawa mmoja umekatika, na Allnutt, asiye na karakana, anauvua mtaimbo majini kwa mbizi, anawasha moto kando ya mto, anaunyoosha kidogo kidogo, kisha anafua ubawa mpya kwa chuma chakavu, naye Rose yu ubavuni pake, masizi yamemjaa. Bibi yule alimpenda mtu ambaye kwao Uingereza angepitishwa mlango wa nyuma, na akampenda kazini, akiitazama mikono yake. Mahaba ya riwaya za siku hizi yametuama hotelini na garini. Kitu kikiharibika hununuliwa kingine, na mwandishi hana haja ya kujua kilivyofanya kazi.

Hata hivyo tabaka aliloliinua Forester ni la Mwingereza maskini peke yake. Riwaya inafunguka kwa wanakijiji wa misheni kuswagwa na jeshi la Wadachi. Mmisionari anakufa, na kifo chake kinaleta kisasi na safari nzima, ilhali wale waliochukuliwa wanatoweka katika hadithi kana kwamba walikuwa mbuzi. Nasi twawajua watu wa namna hiyo, kwani Force Publique, jeshi la Kongo ya Wabelgiji, ilipoingia Tabora mwezi wa Septemba 1916, mizigo yake ilikuwa imevushwa milima juu ya vichwa na mabega ya wapagazi.

Laiti mmoja wao angepewa kurasa mbili kama zile za rafadha! Kubeba nako kuna ufundi wake: kusokota ngata ya majani ya mgomba isifumuke njiani, kusawazisha mzigo kabla ya kuutwika, kubadili bega mteremkoni bila ya kusimamisha msafara, mambo ambayo mwandishi aliyejua namna chuma kinavyonyooshwa asingeshindwa kuyaeleza, lau angaliwauliza wenyewe.