Ng'ombe wa Kwenye Kioo

Hapa Bisil, kando ya barabara ya Namanga, vumbi ndilo adui wa kwanza wa kompyuta. Fundi ninayemtazama analijua hilo. Kabla ya kugusa chochote amekung'uta kitambaa, akakitandaza mezani na kuzipanga bisibisi zake tatu kwa ukubwa.

Mezani kuna kompyuta ya mtumba iliyotoka ofisini. Wateja wa fundi, vijana waliokulia kwenye pedi za PlayStation, wanaitaka Red Dead Redemption. Gemu hiyo ilitoka mwaka 2010 kwa PlayStation 3 na Xbox 360. Kwenye kompyuta ilifika tarehe 29 Oktoba 2024, miaka 14 baadaye.

Anafungua ubavu wa kasha. Feni anaishika kwa kidole isizunguke, ndipo anapitisha brashi, panga moja baada ya jingine. Anang'oa kipoza joto; pesti iliyokauka juu ya prosesa anaifuta kwa pamba yenye spiriti mpaka chuma king'ae, kisha anadondosha mpya, kiasi cha punje ya mchele. Kipoza joto anakirudisha akikaza skrubu kwa mshazari, kila moja nusu mzunguko, kisilalie upande mmoja. Sijaona mkono mtulivu kuliko huo. Memori ya pili anaibana hadi vishikizo vilie pande zote mbili: sasa ni GB 8, kiwango cha chini ambacho gemu inakubali.

"Fundi, bado?"

"Ngoja kwanza, kijana wangu."

Mwaka 2010 gemu ilionyesha picha 30 kwa sekunde. Sasa inaweza kufika 144, kwa ukali wa 4K, na inachezwa hata kwa kibodi na kipanya. Fundi hakimbilii namba hizo. Anapunguza vivuli, anafunga kasi kwenye picha 60. Akibadilisha kitu kimoja, anacheza kidogo na kuweka kiganja juu ya kasha kupima joto, ndipo aguse kingine. Saa nzima inapita hivyo.

Hatimaye anampisha kijana ambaye huswaga ng'ombe wa kwao hadi mnadani hapa Bisil. Kwenye kioo, juu ya farasi, anaswaga ng'ombe wa MacFarlane, shamba la ndani ya gemu. Kundi zima linapita bila kukwama.

"Wanatembea vizuri," anasema.

Fundi anasikiliza feni kwa muda, halafu anarudisha ubavu wa kasha na kukaza skrubu ya mwisho.